Kadi ya mchango wa hija ya Goa: nijaze ama nirudishe?

Mama Kayole: Tumsifu Yesu Kristu. Jumapili baada ya misa mwenyekiti wa jumuiya alitugawia kadi za mchango. Watu sita wa parokia wanataka kwenda Goa, India, kuhiji kaburi la mmisionari wa zamani, Mtakatifu Fransisko Ksaveri, kwenye Basilika ya Bom Jesus. Kila familia elfu tano. Mimi nauza mboga. Simkatai mtakatifu, nauliza tu kama ni haki tubaki tukichanga ili wengine wakaone kaburi. Halafu nasikia masalia yake, yaani mwili wake, hushushwa kila miaka kumi ili watu wayaone, na mara ya mwisho ilikuwa Novemba 2024 hadi Januari 2025. Wakienda sasa si wataangalia sanduku la fedha huko juu ya marumaru hadi shingo ziume?

Msema Kweli: Mama, elfu tano ongezea mtaji. Mifupa haihitaji nauli yako. Mliachiwa Biblia mkaona heri kuabudu maiti. Isaya 8:19 inakataza kuwaendea wafu.

Katekista Mstaafu: Kijana, hapo kwa "kuabudu" umenigusa pabaya. Nimefundisha wakatekumeni miaka thelathini, sijamwambia hata mmoja aabudu mfupa. Soma 2 Wafalme 13:21: maiti ilitupwa kaburini mwa Elisha, ikagusa mifupa yake, mtu akasimama. Ama ukurasa huo kwenu ulichanika?

Msema Kweli: Elisha hakukatwa mkono ukapelekwa Roma. Huyo wenu hata kuna mama alimng'ata kidole cha mkono akaondoka nacho.

Katekista Mstaafu: Cha mguu.

Mjukuu wa Gikomba: Mzee, hapo umemsaidia au umetusaidia sisi? Lakini mkono kweli uko Roma, kanisa la Gesù. Mwaka 2018 ulizungushwa Kanada, ukakatiwa kiti chake kwenye ndege. Mkono unasafiri kama mheshimiwa, mimi viza nimenyimwa mara mbili. Si uombwe upitie Parklands hapa Nairobi, kwenye parokia ya jina lake, Mama apande matatu tu?

Msema Kweli: Mkono wa maiti kwenye kiti cha ndege. Halafu mnasema nimekosea wapi?

Wakili wa Mtaani: Dedan Kimathi wa Mau Mau alinyongwa gereza la Kamiti 1957, akazikwa pasipo alama. Mkewe Mukami alifariki 2023 bila kuoneshwa alipolala mumewe. Alikuwa akiabudu mifupa naye?

Msema Kweli: Kimathi mtoe hapa. Hakuna anayemwasha mshumaa Kimathi akimwomba kazi.

Binti Shela: Mimi wa Lamu, naishi South C. Kwetu Maulidi yakifika watu huzuru kaburi la mwanachuoni Habib Swaleh, wasomewe dua, warudi makwao, na hakuna aliyeleta kadi. Wanaopinga wapo pia, wanapinga kwa adabu. Ila nyinyi watu wa bara mnanichekesha. Fransisko huyo alishuka Malindi 1542 akielekea Goa. Mnamfuata India, na Malindi hamjui kuna nini.

Mjukuu wa Gikomba: "Watu wa bara" tena! Dada, Malindi nimekaa miaka miwili nikiuza viatu. Usitufundishe.

Binti Shela: Na kikanisa cha Wareno ulikiingia?

Mjukuu wa Gikomba: Nilikipita.

Wakili wa Mtaani: Mimi niliingia na familia. Paa la makuti, kuta nene, ndani hata kwaya yetu ya vijana haitoshei. Makaburi yamekizunguka. Binti yangu akaketi juu ya moja akikung'uta mchanga kwenye viatu, mlinzi akapiga kelele hadi mtoto akasahau kiatu kimoja. Kwa nauli ya hao sita kwenda India, jumuiya nzima ingekodi basi hadi Malindi na chakula juu.

Msema Kweli: Kwani Ksaveri ndiye aliyezikwa hapo Malindi?

Katekista Mstaafu: Hapana. Alimzika msafiri mwenzake aliyefariki safarini. Yeye alifia kisiwa kimoja karibu na China, Desemba 1552, mwili ukapitia Malacca ukafikishwa Goa 1554. Kijana, walau unauliza sasa.

Binti Shela: Na aliandika kwenye barua kwamba Mwislamu mmoja mkubwa wa Malindi alimlalamikia: misikiti kumi na saba, inayoendewa mitatu tu.

Katekista Mstaafu: Hayo ni ya kwetu kabisa. Siku ya harusi kanisa hujaa hadi dirishani, misa ya alfajiri ni mimi na mama wa maua.

Mjukuu wa Gikomba: Binti, wewe Mwislamu unaamini sifa za misikiti yenu zilizoandikwa na Mreno?

Binti Shela: Kwanza si Mreno. Ni mtu wa Navarra, Uhispania ya leo. Pili, hakusifu wala hakubuni, alinukuu lalamiko la mwenyeji. Soma ndipo ubishe.

Mama Kayole: Jameni, kadi zinarudishwa Jumapili. Nijaze?

Mjukuu wa Gikomba: Mama, subiri kidogo. Kama si Mreno, mbona alikuja na Wareno?

Binti Shela: Wewe ukipanda matatu ya Rongai, umekuwa mtu wa Rongai?