Kolmanskop na jangwa la Namib: nibebe lenzi gani na vumbi nalikwepaje?

kipepeo_wa_kigamboni

Wakuu heshima zenu. Mwezi wa sita nina kikao cha siku tatu Windhoek, ofisi inalipa tiketi, na mimi nimeunganisha na siku saba za likizo yangu maana nafasi kama hii ikipita imepita. Nataka nishuke hadi Kolmanskop, ule mji wa Wajerumani uliomezwa na mchanga, alafu nirudi kupitia Sossusvlei kwenye ile miti mikavu. Nina kamera ya kropu ya mtumba (ile yenye sensa ndogo, sensa ndio kipande kinachonasa picha), lenzi ya 18-55 ya karibu na 55-250 ya kuvuta mbali, stendi ya kichina na simu.

Shida yangu ni vumbi. Mwaka juzi nilienda magofu ya Kaole pale Bagamoyo, nikashuka na ufukweni kidogo, upepo ukapiga dakika kumi tu, lenzi ikaanza kusaga kila nikizungusha zumu, krr krr, kama mtu aliyekuta mawe kwenye wali. Fundi kaifungua, kanirudishia picha ikiwa safi upande wa kushoto tu, kulia ukungu. Sasa kama Bagamoyo imenifanya vile, jangwani si nitarudi na sahani?

Kwahiyo nisaidieni, lenzi nitabadilishaje, na Kolmanskop siku moja inatosha au nilale mbili. Wale wa "nenda tu Serengeti" naomba mpite kimya kimya.

BabaLenzi

Mkuu karibu, mimi nimefika pale mara mbili, ya kwanza nikafanya ujinga wote unaowezekana ndio maana naweza kukushauri.

Kabla ya lenzi tuongelee tiketi. Pale kuna tiketi ya kawaida, hiyo unaingia asubuhi jua likiwa limeshapanda, mnatembezwa na mwongoza watalii, mchana mnatolewa. Alafu kuna kibali cha wapiga picha, bei imechangamka kidogo ila kinakuruhusu kuingia kabla jua halijatoka na kubaki mpaka linazama. Kinunue Lüderitz, mji wa jirani, siku moja kabla maana alfajiri hutamkuta mtu wa kukuuzia. Mara ya kwanza nilienda na tiketi ya kawaida, kila chumba ninachoingia kuna watalii sita wamesimama kwenye fremu na mchanga wote umeshakanyagwa kama uwanja wa ndondo. Mara ya pili nikaingia na kibali, giza bado, niko peke yangu na upepo unabamiza mlango mahali fulani, nakwambia ukweli nilisoma dua zote ninazozijua.

Mwezi wa sita kule ni baridi na jua linachelewa, litatoka kama saa mbili kasorobo asubuhi, kwahiyo hata kuamka sio mateso. Nyumba zenye madirisha ya mashariki anza nazo, mwanga unaingia chini chini unapita juu ya mchanga na ile mistari ya upepo inajitokeza yote. Ukichelewa hadi saa nne mchanga unakuwa bapa tu, picha inakosa uhai.

18-55 inakutosha ndani ya vyumba. Weka kamera kwenye stendi, ISO 100 (usikivu wa sensa kwa mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), piga picha tatu bila kuisogeza: moja ya dirisha, moja ya chumba, moja katikati, ukifika nyumbani unaziunganisha. Ukipiga moja tu utachagua, dirisha liungue au kuta ziwe nyeusi, na kuta ndio utamu wenyewe, kuna za bluu, za kijani, karatasi za ukutani zinabanduka, mlango umezama hadi kitasani. Usifunge lenzi hadi f/16 ukiwa nje, anga ya kule haina hata wingu la kuombea, kila doa la vumbi kwenye sensa litaonekana kama nzi kwenye maziwa.

Na kitu kimoja naomba ukishike kuliko vyote, SIMAMA MLANGONI KWANZA. Usiingie chumbani kabla hujapiga. Ukishaweka unyayo wako kwenye ule mchanga umeshamaliza, huwezi kuufuta, na atakayekuja nyuma yako atakutukana mpaka upepo ukusamehe.

Kuhusu kubadilisha lenzi, jibu ni usibadilishe. Ikibidi, rudi kwenye gari, funga vioo, zima feni, kamera iangalie chini, fanya chapchap. Nyumba nyingi za kule hazina vioo, nyingine hata milango, kwahiyo "nitabadilishia ndani" ni kujidanganya. Ukiwa nje unatembea, vaa kamera kofia ya plastiki ya kuogea, zile za hotelini, elastiki yake inakamata vizuri. Na usifute lenzi na shati jamani! Puliza kwanza na kile kipulizio cha mpira, vumbi litoke, ndio ufute. Mchanga ule ukiusugua kwenye kioo umepiga msasa.

mjukuu_wa_songea

Ushauri mzuri baba, ila naongeza kitu ambacho waongoza watalii wengi wanakipitia mbio. Almasi ya kwanza ya pale iliokotwa mwaka 1908 na Zacharias Lewala, mfanyakazi mweusi aliyekuwa akiondoa mchanga kwenye reli, akampelekea bosi wake August Stauch. Stauch akatajirika. Lewala hakupata kitu. Ndani ya miaka michache wakajenga mji katikati ya ukame ule, kiwanda cha barafu, ukumbi wa dansi, sehemu ya kuchezea boling, hospitali yenye mashine ya eksirei, kitu ambacho miji mingi mikubwa ilikuwa haina. Zilipogunduliwa almasi nyingi zaidi kusini karibu na mto Orange watu wakaanza kuhama, wa mwisho wakaondoka 1956.

Na ukilala Lüderitz utaona kisiwa kimeunganishwa na mji, kinaitwa Shark Island, leo kuna kambi ya watalii kuweka mahema. Pale Wajerumani waliwafungia Waherero na Wanama, makabila ya huko, kwenye vita ya 1904 hadi 1908, wakafa kwa maelfu kwa njaa, baridi na kazi. Reli hiyo hiyo unayoipita barabarani kuelekea mji wa Aus waliijenga wafungwa. Sisi wa huku kusini tunajua hiyo miaka maana ndio hiyo hiyo ya Maji Maji, bendera moja, risasi za kiwanda kimoja. Sikukatazi kupiga, piga, ila mimi nikiona picha za harusi zimepigwa kwenye ile hospitali mwili unanisisimka.

fowili_mzee

Duh, jamaa kauliza lenzi kapewa darasa la historia 😂

mjukuu_wa_songea

Kauliza kupiga picha kaka. Ya nini sasa, kuta za bluu? Angalau ajue anachokiangalia. Kule kuna nyumba za meneja, mwalimu, daktari, zina majina kabisa. Muulize mwongoza watalii akuonyeshe vibarua Waovambo, watu wa kaskazini mwa Namibia, walilala wapi, uone kama kuna mtalii anayepelekwa huko.

kipepeo_wa_kigamboni

Acheni ugomvi wakuu, mimi nimefurahi kusema kweli, sikuwa najua hata jina la Lewala. Nitauliza nikifika. BabaLenzi asante sana, hiyo ya mlangoni nimeiandika kwenye kava la simu. Sossusvlei je? Na hiyo barabara, gari dogo linafika?

Nyaboke_safarini

Hi, niko Nairobi lakini Namibia niliizunguka siku kumi na mbili, wacha nikupee ya barabara na Deadvlei, pale Sossusvlei penye ile miti mikavu.

Kutoka Keetmanshoop mpaka Lüderitz ni lami, B4, kama kilomita 330 na kitu, gari ndogo inaenda bila shida. Lakini ukikaribia Lüderitz mchanga huwa unavuka barabara kama maji, ukiona kibao usijifanye dereva wa rali. Ukiwa karibu na Aus kuna mahali panaitwa Garub, stesheni ya zamani ya reli, kuna farasi wa porini wanakuja kunywa maji, lete hiyo 250 yako. Kutoka Aus kupanda Sesriem, geti la kuingilia Sossusvlei, sasa ni changarawe tupu, hapo kodi gari lililoinuka kidogo, uwe na spea mbili, na usizidishe 80. Sisi tulipasua matairi mawili siku moja na mtu wa kwanza kupita alichukua saa nzima. Jaza mafuta kila unapoyaona, hata kama tangi iko nusu.

Deadvlei yenyewe iko ndani ya hifadhi, kama kilomita 65 kutoka geti la Sesriem, na tano za mwisho ni mchanga. Ukiwa na 4x4 punguza upepo wa matairi kwanza, kama huna kuna gari za kukusogeza kwa pesa. Siri ni kulala kwa ile kambi iliyo ndani ya geti, kwa sababu walio ndani wanaachiliwa saa moja kabla ya jua kutoka, walio nje wanangoja jua. Hiyo saa moja ndiyo picha yote. Kwanini, kwa sababu jua likitoka linagonga kwanza ule mlima wa mchanga wa upande wa magharibi, unakuwa rangi ya chungwa kali, lakini pale chini kwenye udongo mweupe bado ni kivuli, kunaonekana bluu hivi. Miti inasimama nyeusi katikati. Simama mbali, tumia 250, vuta ule mlima uje nyuma ya mti, ukate anga yote nje ya picha. Watu wanadhani ni mchoro. Inadumu dakika chache tu, kivuli kikitoka kwenye miti imeisha.

Hiyo miti ni jamii ya migunga, ilikufa miaka 600 au 700 iliyopita mchanga ulipoziba mto Tsauchab maji yakakosa njia, na haijaoza kwa sababu hakuna unyevu wa kuiozesha. Usiipande wala kuiegemea, nimeona mtu amekalia tawi anapiga selfi nikaskia uchungu. Na baadaye jua likiwa juu ule udongo mweupe unadanganya kamera, itakupa picha yenye giza, ongeza mwanga kidogo.

Droni wacha nyumbani, kwenye hifadhi hairuhusiwi bila kibali na watakunyang'anya.

BabaLenzi

Dada Nyaboke kamaliza. Niongezee tu, Lüderitz ina ukungu wa bahari, mkondo wa maji baridi unapita pale. Ukitoka nje usiku na kamera ya baridi ukaingia chumba chenye hita, maji yanatanda mpaka ndani ya lenzi. Funga kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, ingia nayo, iache ipate joto taratibu ndio ufungue. Mimi nilifungua haraka niangalie picha, kesho yake nikashinda nakausha.

Na usiokote jiwe lolote. Hata likiwa zuri vipi. Eneo lote lile lilikuwa marufuku kuingia tangu enzi za Wajerumani kwa ajili ya almasi, na mpaka leo kukutwa na almasi ghafi bila leseni ni kesi. Hutaki kumweleza polisi kwamba ulidhani ni chupa.

mtoto_wa_muscat

Assalaam alaykum jamaa. Mie nipo huku Oman, nyumbani Unguja, napita tu nimeona mada yanifurahisha. Ndugu yangu ukishamaliza Namibia njoo na huku, kuna vijiji vya udongo watu wamevihama, Birkat al Mouz pale nyumba zimeporomoka juu ya kilima na chini mitende kijani kibichi, ukenda alasiri jua linapotua udongo wote unakuwa kama asali. Al Hamra vilevile. Tafauti ni kuwa huku wenyewe bado wapo, wamehamia nyumba mpya hapo hapo jirani, kwa hivyo ukiingia na kamera toa salamu kwanza, na mama akipita usimuelekezee lenzi. Mara moja nilikuwa napiga mlango wa zamani akaja mzee akanambia mie nimezaliwa ndani ya mlango huo, akanikamata mkono akanionyesha kila chumba, na kumbe babake alikaa Pemba, Kiswahili kimemtoka kuliko mimi. Ile picha ya mlango sijaitazama tena, ya yule mzee ndiyo iliyotundikwa sebuleni, na nilimuomba ruhusa kabla.

Kuhusu mchanga, stendi ukirudi hotelini ifungue miguu uioshe kwa maji. Yangu iliganda nikiwa jangwa la Sharqiya nikapiga siku tatu kamera ipo magotini.

fowili_mzee

Hapa nimejifunza na mimi. Nina swali, ile meli iliyokwama katikati ya jangwa inafikika?

Nyaboke_safarini

Hiyo ni Eduard Bohlen, ilikwama mwaka 1909, mchanga ukajaza bahari kidogo kidogo mpaka sasa iko mita mia kadhaa kutoka kwa maji. Kwa gari lako sahau, wengi wanaiona kwa ndege ndogo kutoka Swakopmund. Lakini kama unataka meli tu, Zeila iko karibu na Henties Bay, ilikwama 2008, unaegesha ufukweni unaiona pale kwa mawimbi imejaa ndege. Nenda na ukungu wa asubuhi ndio inatisha.

kipepeo_wa_kigamboni

Basi nimeamua, Lüderitz nalala usiku mbili, Sesriem usiku mbili ndani ya geti, meli naiachia safari nyingine. Kofia za kuogea nimenunua Kariakoo dazeni, yule dada aliyeniuzia kaniuliza nafungua saluni. Kuna mtu ameniambia Kolmanskop kuna fisi, ni kweli au ananitisha?

BabaLenzi

Ni kweli, fisi wa kahawia, wanapita usiku kwenye zile nyumba. Kuna msauzi alitega kamera pale miaka kumi akaja kumpata mmoja kasimama mbele ya nyumba kwenye ukungu, na hiyo picha ikashinda mashindano makubwa ya picha za wanyama duniani mwaka 2025. Kwahiyo alfajiri ukiona nyayo za mbwa kwenye mchanga, hizo sio za mbwa. Ila ni waoga kuliko wewe, piga kelele kidogo unapoingia. Betri za akiba ziweke mfuko wa ndani wa koti, baridi inazimaliza. Na usivae sendo.