Naomba ushauri: alama za kubashiri Oscar

Jamani, maskani yetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, tunaandaa karatasi ya kubashiri washindi wa Oscar, tuzo za filamu za Marekani, vipengele 24. Alama 1 kila kimoja ni dhuluma: mwongozaji bora mara nyingi ni yuleyule aliyetuzwa na chama cha waongozaji wa Marekani. Huko si kubashiri, ni kunakili. Filamu bora ndiyo mtego. Ziko 10, wapiga kura huzipanga kwa nafasi. Ya mkiani hutolewa, kura zake zikahamia chaguo linalofuata, hadi moja ipite nusu. Inayopendwa mno na baadhi na kuchukiwa mno na wengine huweza kuzama hapo. Je, tuipe alama 3? Filamu fupi, ambazo wengi hubahatisha tu, tuziache? Na wabashiri wakifungana kwa alama, tuamue vipi?