Barua ya askari Spotswood Rice kwa binti zake, 1864

Swali

Ndugu zangu wapenzi wa historia, nawasalimu. Nimekuwa nikisoma na wanafunzi wangu barua ambayo Spotswood Rice, askari mweusi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, aliwaandikia binti zake Corra na Mary tarehe 3 Septemba 1864, akiwa mgonjwa katika hospitali ya kambi ya Benton Barracks, St. Louis. Anawaambia kwamba hajawasahau, kwamba atawapata hata ikibidi afe, na kwamba askari 800 weupe na 800 weusi wanatarajia kupanda mto hadi Glasgow, mji wa jimbo la Missouri walikokuwa binti hao, naye anatumaini kuwamo. Mwanafunzi mmoja akauliza: ikiwa Rais Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa tarehe 1 Januari 1863, iweje watoto wa askari wake mwenyewe wawe bado utumwani? Nami naongeza langu: barua kama hiyo ilinusurika vipi?

Jibu la kwanza

Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa penyewe. Tangazo la Lincoln lilihusu maeneo yaliyoasi tu. Missouri, ingawa ilikuwa na watumwa, haikujitenga na Muungano, yaani upande wa Lincoln, kwa hiyo wenye watumwa wa huko hawakuguswa, na utumwa ulifutwa jimboni humo Januari 1865. Rice, aliyekuwa akitumikishwa katika kazi ya tumbaku, alijiunga na jeshi Februari 1864 akawa huru, lakini uhuru wake haukuwafikia wanawe.

Mkiweza, someni pia barua ya pili, aliyomwandikia Kitty Diggs, mwanamke aliyemmiliki Mary. Humo anamkumbusha kwamba aliwahi kutaka kumlipa dola 40 ili amkomboe mtoto wake mwenyewe, na kwamba sasa anafurahi zilikataliwa. Mwanamke huyo alikuwa amemtuhumu kuwa alitaka kuwaiba watoto; Rice akawaambia binti zake kwamba Mungu hakukusudia kamwe mtu aibe damu yake mwenyewe. Kwangu mimi, hakuna sentensi katika barua hizo inayoishinda hiyo.

Jibu la pili

Kuhusu kunusurika kwa barua hizo, zilihifadhiwa na hasira za adui. Kaka yake Kitty, F. W. Diggs, ndiye aliyekuwa posta masta wa Glasgow. Alipozisoma barua zile aliona ametukanwa, akazifunga pamoja na malalamiko yake na kumpelekea Jenerali William Rosecrans, kamanda wa jeshi la Muungano huko Missouri, akiomba Rice aondolewe jimboni humo. Hivyo zikaingia katika makabrasha ya jeshi, na leo zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani. Nakuomba, Mwalimu, usiwasafishie wanafunzi maandishi yake: Rice aliandika maneno kama alivyoyasikia, karibu bila nukta wala mkato, na pumzi yake inasikika humo.

Jibu la tatu

Naongezea habari za Mary, kwa sababu naye aliacha ushuhuda wake. Mwaka 1937, akiwa mwanamke wa miaka 85 aitwaye Mary Bell, alihojiwa St. Louis na waandishi waliokuwa wakikusanya kumbukumbu za waliopitia utumwa. Alisimulia kwamba baba yake alimilikiwa na mtu mwingine, hivyo aliruhusiwa kuja kuwaona usiku wa Jumatano na wa Jumamosi tu, na mara nyingi alifika ametapakaa damu kwa vipigo. Mama yake alimvua nguo zile, akamwosha vidonda na kuvipaka mafuta, kisha akazifua na kuzipiga pasi ili mumewe arudi akiwa safi. Baba huyo alifundishwa kusoma na mtoto wa bwana wake, na jambo hilo lilimghadhibisha sana bwana huyo.

Mary alieleza pia kwamba familia ilimfuata baba Benton Barracks vita vikiwa bado vinaendelea. Watoto walipelekwa shule, na mama yao akawa anafua nguo za askari.