Goti limevunjika, daktari anasubiri uvimbe ushuke ndipo aweke vyuma. Ni sawa?

Dogo wa Ngaramtoni:
Wakubwa shikamooni. Kaka yangu ni bodaboda, aligongwa na gari, Noah, pale Sakina wiki iliyopita. Mfupa chini tu ya goti umepasuka vipande, ufa umeingia mpaka ndani ya goti. Wamemfunga vyuma vya nje kutoka pajani mpaka kwenye ugoko, wanasema bamba la ndani litawekwa uvimbe ukishuka. Nyumbani ni kelele: eti anacheleweshwa ili tutoe chochote. Mjomba anataka tumtoe tumpeleke kwa mzee anayeunga mifupa. Tufanyeje?

Mangi wa Himo:
Pole sana dogo. Mjomba mpeni chai, ila funguo za gari mficheni.

Mama Pasua:
Marahaba mwanangu, poleni. Nimestaafu uuguzi, miaka mingi nilikuwa chumba cha upasuaji hospitali ya KCMC, upande wa mifupa. Hakuna anayewazungusha hapo.

Hapo chini ya goti nyama ni kidogo, ngozi imekaa karibu na mfupa. Ukiichana ikiwa imevimba inang'aa kama nyanya, mshono unaachia, wadudu wanafuata mpaka kwenye chuma, na hiyo ni vita ya miezi. Vyuma vya nje vinauvuta mguu ubaki na urefu wake wakati ngozi inapumzika. Mwangalie daktari asubuhi: ataibana ngozi kidogo kwa vidole. Anatafuta mikunjo. Mikunjo ikirudi na malengelenge yakikauka, anapangiwa upasuaji. Mara nyingi ni wiki moja hadi mbili, wengine zaidi.

Ulizeni kama amepigwa CT scan, ile picha ya mashine inayoonyesha mfupa vipande kwa vipande, baada ya kufungwa hivyo vyuma. Eksirei peke yake huficha kipande cha nyuma. Mivunjiko hii wanaigawa makundi sita, mpangilio wa Schatzker wa 1979. La tano na la sita ni pande zote mbili za goti, na hapo mara nyingi yanawekwa mabamba mawili kwa michano miwili, nje na ndani. Zamani walichana mmoja mrefu katikati. Ngozi ilikuwa inakufa. Uso wa goti uliozama unainuliwa, pengo chini yake linajazwa, pengine kwa mfupa uliochukuliwa nyongani, ndipo bamba linafungwa skrubu. Usawa wa pale juu ndio wanaougombania, maana goti likipona na ngazi, gegedu, ule utando laini unaofunika mfupa ndani ya goti, litasagika.

Sasa hili msilichezee: akilia maumivu yasiyosikia dawa, mguu ukakaza, ukimnyoosha vidole anapiga kelele, mwiteni daktari saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Presha ikipanda ndani ya misuli, misuli inakufa kwa saa chache tu. Na huyo mzee akiukanda mguu huo, ndiyo anauharibu kabisa.

Dogo wa Ngaramtoni:
Asante mama. Hiyo CT wamempiga jana. Bima hana, na je, atarudi barabarani lini?

Mama Pasua:
Goti ataanza kulikunja mapema, fisio, yule wa mazoezi ya viungo, atamsumbua na asimkasirikie. Kukanyaga ni baadaye, kwa kawaida wiki 6 hadi 12, kadiri picha zitakavyoonyesha. Magongo, na sigara aache, inachelewesha mfupa kuunga. Pikipiki msiitaje mwaka huu.

Wakala Kilombero:
Hela: PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, mnayo? Hiyo Noah lazima iwe na bima, hata ile ndogo ya mtu wa tatu inamhusu majeruhi. Chukueni namba ya gari na jina la kampuni ya bima polisi kabla mwenye gari hajaanza kuzima simu. Na hospitalini muulizeni ofisa ustawi wa jamii mapema, msisubiri siku ya kuruhusiwa.

Fundi Majengo:
Mimi bamba ninalo bado, linauma kidogo kipindi cha baridi. Mama, ni lazima litolewe?

Mama Pasua:
Kama halikusumbui, liache. Likigusa ngozi au ukiona usaha, nenda.