Niko chuo kidogo Ohio, kila mtu ananijua. Nihame?

Binti_Marangu:
Wakuu, shikamooni, na rika langu mambo. Nisomeni mpaka mwisho tafadhali, hili jambo linaninyima usingizi.

Niko mwaka wa kwanza kwenye chuo kidogo cha sanaa huria (liberal arts, yaani unasoma masomo mchanganyiko, si sanaa tu) huku Ohio, Marekani. Hatufiki wanafunzi 2,000, wote wa shahada ya kwanza, tunalala mabweni ya chuo na kula ukumbi mmoja. Mji wenyewe ni mtaa mmoja wa maduka, ukiumaliza unaingia mashamba ya mahindi. Ufadhili nilioupata ni mkubwa, wazazi wanaongezea kidogo, na mimi nafanya kazi maktaba.

Kinachonitesa zaidi ni darasani. Tuko 12, tunakaa duara, na kuchangia mjadala kuna maksi zake. Mimi nimesoma shule ya masista: mwalimu anaongea, unaandika, ukiulizwa unasimama. Hapa wenzangu wanadakiana maneno kama wako sokoni, na nikisubiri wamalize ili niongee, kipindi kinaisha. Kiingereza ninacho. Nikiandika insha napata A. Kumkatiza mtu anayeongea ndiko kunakonishinda, na maksi za ushiriki zinanivuta chini.

Halafu hakuna pa kujificha. Ukikosa kipindi, profesa anakuandikia siku hiyo hiyo kuuliza kama unaumwa. Nimekorofishana na mwenzangu wa chumba, na tunakutana ukumbini asubuhi, mchana na jioni. Mtanzania niko peke yangu.

Binamu yangu yuko chuo kikuu cha serikali Texas, Waswahili wamejaa, ananiambia nihamie huko. Baba naye kila akipiga simu anauliza mbona chuo changu hakuna anayekijua. Nifanyeje?

Kibopa_wa_Tanga:
Hama dada. Ujana wenyewe ndio huu, utaumalizia kwenye mahindi?

Mlimani_Daima:
Mkuu hapo juu, usimharakishe mtoto wa watu.

Mimi nimesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na naipenda mpaka kesho. Lakini somo la DS (Development Studies, masomo ya maendeleo) tulikuwa tunajaa ukumbi mpaka wengine wanasikilizia mlangoni. Nilihitimu na GPA nzuri. Nilipotaka kuomba uzamili nje, wakanidai barua tatu za walimu wanaonifahamu. Wanaonifahamu! Walionifahamu ni wenzangu wa vimbweta, yale mabenchi ya kujisomea nje. Huyo profesa anayekuandikia ukikosa kipindi leo ndiye atakayekuandikia barua baadaye, na atakuwa na cha kuandika.

Ohio_Zamani:
Mdogo wangu, nimepita njia hiyo hiyo, nilisoma Oberlin. Niruhusu nirefushe kidogo.

Kabla ya kufikiria Texas, uliza pesa. Vyuo vingi huku humpa mwanafunzi wa kigeni ufadhili anapoanza mwaka wa kwanza, anayehamia hupata kidogo au hapati kabisa. Chuo cha serikali nacho kwa kawaida humtoza mgeni ada ya wasio wakazi wa jimbo, na si ada ya mchezo. Viza yako ya mwanafunzi, F-1, inakuruhusu kazi ya ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo usidanganywe kwamba utajilipia kwa vibarua. Tena si masomo yako yote yatakayokubaliwa kule. Na usiache masomo hapo ulipo kabla chuo kipya hakijakupokea na rekodi yako ya uhamiaji haijahamishwa. Hilo likikosewa, viza yote inaingia mashakani.

Sasa darasani. Nenda kwa profesa saa zake za ofisini, mweleze ulivyofundishwa tangu utotoni kama ulivyotueleza hapa. Hiyo si kulalamika, saa zile zimewekwa kwa ajili hiyo. Muombe wiki moja ufungue mjadala wewe. Siku nyingine, ingia na sentensi moja umeshaiandika: "Ukurasa fulani mwandishi anadai hivi, mimi sikubaliani kwa sababu hii." Iseme ndani ya dakika kumi za mwanzo, maji hayajachanganyika. Ukishaongea mara moja, ya pili inakuja yenyewe.

Kuhusu mwenzako wa chumba, muone mwanafunzi msimamizi wa bweni lenu. Akishindwa, iko ofisi ya makazi, na kubadilisha chumba mwisho wa muhula ni jambo la kawaida.

Na baba mwambie hivi: Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, aliyeuawa Dar es Salaam mwaka 1969, alihitimu chuo kidogo cha aina hiyo hapo hapo Ohio, Oberlin, mwaka 1953. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, naye alihitimu chuo kidogo kingine, Macalester, Minnesota, mwaka 1961. Wazee wetu majina hayo wanayajua vizuri.

Mama_Columbus:
Marahaba mwanangu. Mimi nasikia upweke tu hapo, masomo unayamudu. Columbus hapa, mji mkuu wa Ohio, Wasomali ni wengi mno, na waliopitia Kenya wengi Kiswahili wanakimwaga. Wakongo nao wapo. Nyama ya halali, chai ya maziwa yenye iliki, sambusa, vyote vipo. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni kama kuna gari la chuo linalokuja mjini wikiendi. Likizo mabweni yakifungwa usikae kwa unyonge, niambie mapema.

Kibopa_wa_Tanga:
Nimesoma hayo ya ada. Dada, nafuta neno langu, kaa kwanza.

Binti_Marangu:
Asanteni sana, nimelia kidogo kwa faraja. Nimeandikia chuo cha binamu, wamejibu kwamba kwa mgeni anayehamia ufadhili hawana. Kwa hiyo Texas imekufa, angalau kwa sasa. Profesa nimemuona. Alhamisi nafungua mjadala mimi, na sentensi yangu nimeshaiandika.

Baba alinyamaza niliposema Mondlane, kisha akaanza kunisimulia siku alipouawa.

Mama Columbus, gari la chuo lipo, linakuja huko Jumamosi. Naweza kuja na rafiki yangu Mnepali? Naye hajala chakula chenye ladha tangu Agosti.

Mama_Columbus:
Njooni wote. Mnepali anakula ng'ombe au nipike kuku?