Mbio za baiskeli za wanawake bila redio: kundi litajuaje nani bado yuko mbele?

Nyuki_Shangani
Wakuu habari za jioni. Tunaandaa mbio za barabarani za wasichana hapa Mtwara, kwenda Mikindani na kurudi, mizunguko mitatu, kama kilomita 60. Redio za masikioni za kuongea na kocha hakuna, kama ilivyo kwenye Olimpiki. Nimerudia kuangalia ile ya Tokyo: Annemiek van Vleuten wa Uholanzi anavuka mstari mikono juu, kumbe ni wa pili. Timu kubwa vile inapoteaje hesabu? Na sisi tujipangeje? Tuna bodaboda mbili na gari moja.

Spoki36
Dada, pale walikosea kuhesabu vichwa. Julai 25, 2021, Anna Kiesenhofer wa Austria alichomoka bendera iliposhuka tu, wakawa watano mbele: yeye, Omer Shapira wa Israeli, Anna Plichta wa Poland, Carla Oberholzer wa Afrika Kusini na Vera Looser wa Namibia. Kundi kubwa la nyuma likawaachia zaidi ya dakika 10, maana hapakuwa na jina la kumtisha mtu. Oberholzer na Looser wakaachwa njiani. Zikiwa zimebaki kilomita 41 hivi, kwenye mlima wa Kagosaka, Kiesenhofer akawaacha na wale wawili. Kundi lilipowanasa Plichta na Shapira, kama kilomita 5 kabla ya mwisho, Waholanzi wakaona kazi imeisha. Walioondoka watano, waliorudi wanne!

Na hata wangekumbuka hapo, muda ulishakwisha. Kundi linalofukuza kwa nguvu hurudisha dakika 1 hivi kwa kila kilomita 10, kwa hiyo kilomita 5 ni nusu dakika. Kiesenhofer alishinda kwa dakika 1 na sekunde 15.

Sasa kwenu. Bodaboda ya kwanza ikae mbele ya anayeongoza na bendera nyekundu, isifanye kazi nyingine. Ya pili ibebe ubao: plaiwudi ya sentimita 60 kwa 80, rangi nyeusi, chaki nene. Andikeni vitu vitatu tu: namba za mgongoni za walio mbele, dakika na sekunde, kilomita zilizobaki. Namba za mgongoni msiziache, maana ubao unaosema "1:20" bila kusema nani unarudisha kosa lilelile la Tokyo.

Kupima: chagua nguzo ya umeme, bonyeza saa gurudumu la mbele la kiongozi likipita, simamisha la kwanza la kundi likifika. Msipime kwa mita za bodaboda mbili, hazilingani. Halafu mwenye ubao asikae kinyumenyume kwenye pikipiki inayotembea. Atangulie, ashuke, asimame kushoto nje ya lami, aunyanyue juu ya kichwa.

Kusi_na_Kaskazi
Naongezea. Njia ya kwenda na kurudi ina ubao wake wa bure: kundi litapishana na kiongozi kila linapokaribia kona ya kugeuzia. Wafundisheni wasichana kuanza kuhesabu sekunde wanapopishana naye mpaka wao wageuke, kisha wazidishe mara mbili. Sekunde 40 maana yake ameshika sekunde 80. Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa hiyo ni mita 800.

Ila hapo kwenye kupishana ndipo ajali ilipo. Kusi likivuma, wakienda Mikindani upepo unawapiga kushoto, kila mtu anajibanza kulia kwa mwenzake na kundi linatambaa hadi katikati ya barabara, kwa wanaorudi. Wakirudi unawapiga kulia, wanasukumana ukingoni mwa lami. Wekeni koni katikati mita 300 kabla ya kugeuza, na ruhusuni upana wa watu watatu tu.

Mkia_wa_Kundi
Spoki, mbona timu zilikuwa na magari Tokyo? Si wangeambiwa tu?

Spoki36
Magari yanakaa nyuma ya kundi, mkuu. Ili uambiwe lazima urudi nyuma, uongee na kocha dirishani, kisha upande tena mbele, na kwenye kilomita za mwisho hakuna anayethubutu. Halafu nchi inaruhusiwa wanne tu. Uholanzi ilileta Van Vleuten, Van der Breggen, Vos na Vollering, wote mabingwa. Nani ajitolee kuvuta mbele kwa ajili ya wenzake? Paris 2024 ilikuwa hivyohivyo kwa sura nyingine: Kristen Faulkner wa Marekani alipowafikia waliokuwa mbele, kama kilomita 3 kabla ya mwisho, akapitiliza hapohapo. Wapinzani wakaangaliana, akashinda kwa sekunde 58.

Nyuki_Shangani
Asanteni sana. Gari letu moja libebe nini?

Kusi_na_Kaskazi
Magurudumu, lakini kagua baiskeli siku moja kabla, maana zitakuja za inchi 26 na za 28. Andika kila namba ya mgongoni inatumia saizi gani na gia ya nyuma ni ya spidi ngapi. Gurudumu la spidi 7 kwenye baiskeli ya spidi 8 litarukisha mnyororo. Nyingi magurudumu yake hufungwa kwa nati, kwa hiyo spana ya 14 na ya 15, pampu ya kusimama, tyubu nne za kila saizi. Pancha ya nyuma ikitokea, msichana ashushe mnyororo kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma kabla hajasimama, fundi asipoteze muda kuutafuta.