Poker kwenye TV: nani alijua karata zinaweza kuvuta watazamaji hivi?

Mlinzi_Zamu_ya_Usiku
Wakuu habarini. Mimi ni mlinzi, nikishafunga geti simu ndiyo mwenzangu. Siku hizi nimenogewa na European Poker Tour (EPT), mfululizo wa mashindano ya poker Ulaya. Watu wamekaa, wamevaa miwani ya jua usiku, hakuna anayekimbia, na bado siwezi kuzima! Barcelona 2022 shindano kuu lilipata viingilio 2,294, kila kimoja euro 5,300. Hii kitu ilikuaje hadi ikafika hapo?

Bi_Shupaza
Mdogo wangu, mimi nimehariri picha za michezo miaka mingi, kwa hiyo naanzia kwenye kamera. World Series of Poker ya Las Vegas ipo tangu 1970 na TV iliionyesha mapema tu, ila ilikuwa kama kutazama watu wakisubiri daktari. Mtu anasukuma chipu (vipande vya kuwekea dau) zote katikati, mwenzake anatupa karata, yaani anajitoa, kwisha. Yule aliyesukuma alikuwa na ree mbili (karata za A) au alikuwa anatishia? Hujui.

Mwaka 1999 Channel 4 ya Uingereza wakaweka vioo ukingoni mwa meza na kamera chini yake. Mchezaji anaweka karata zake pale, wewe wa nyumbani unaziona, wenzake mezani hawazioni. Sasa unamwona jamaa ana mbili na saba, mkono (karata alizogawiwa) mbovu kuliko yote, anaweka dau kubwa na uso mkavu, na mwenye karata mbili za mfalme anaanza kutoka jasho. Unataka nini tena?

Marekani hataza ya kamera hizo alikuwa nayo Henry Orenstein, mzee aliyenusurika kambi za Wanazi na baadaye akawa mtu wa biashara ya vitu vya kuchezea watoto. World Poker Tour ikaanza 2002, na mwaka uliofuata ikawa kwenye TV. Huyo EPT wako ameanzishwa 2004 na John Duthie, mwongozaji wa TV aliyekuwa ameshinda pauni milioni moja kwenye poker mwaka 2000. Yaani aliyejua meza ndiye aliyejua na kamera. Shindano la kwanza lilikuwa hapohapo Barcelona, akashinda Msweden, Alexander Stevic.

Kopa_Nane
Dada, kamera sawa, lakini usiusahau mtandao. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, aliingia kwa mchujo wa mtandaoni wa dola 86, akabeba dola milioni 2.5 kwenye World Series ya Las Vegas mwaka 2003. Mwaka ule shindano kuu lilikuwa na watu 839, uliofuata, 2,576. Kila mwenye kompyuta alijiona ni yeye. Na EPT yenyewe ilidhaminiwa na PokerStars, kampuni ya poker ya mtandaoni, tangu mwanzo, sasa wachezaji wangekosekana vipi?

Bi_Shupaza
Sikatai kaka. Ila Moneymaker bila kamera angebaki habari ya aya moja gazetini. Mlinzi, mtafute Victoria Coren, mchezaji wa Uingereza: London 2006, Sanremo 2014, wa kwanza kushinda EPT kuu mara mbili.

Mlinzi_Zamu_ya_Usiku
Nitamtafuta. Swali la kiulinzi sasa: kama sisi tunaziona karata, rafiki yake akimtumia meseji je?

Bi_Shupaza
Hahaha, kazi umeiweza. Unachokiona "mubashara" kimecheleweshwa, mara nyingi kama nusu saa. Ukiziona karata, mkono ule, yaani mzunguko ule wa karata, ulishaisha zamani.